Meza ya Shangazi na Leso za Nyanya

Katika cherehani tuliyoizoea sote, ile ya kukanyaga kwa miguu ambayo fundi huiweka barazani mwa duka, mtambo hutulia mahali pamoja na kitambaa ndicho kinachosafiri. Mkono wa fundi hukiongoza, meno madogo yaliyo chini ya sindano hukivuta, nao mshono hufuata nyuma. Ipo, hata hivyo, cherehani ya aina nyingine ambayo imeupindua utaratibu huo. Kitambaa hutandazwa baina ya vyuma virefu vya mviringo kikatulia, na mtambo wenyewe, wenye shingo ndefu, ndio unaotembea juu yake. Mshonaji husimama wima, akashika vipini viwili kama aendeshaye baiskeli, akausukuma mtambo mbele na nyuma, kushoto na kulia, akichora kwa uzi maua, mawimbi na miduara. Kazi ya michoro hiyo si urembo pekee. Huyafunga pamoja matabaka matatu ya mfarishi, yaani kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini, yasije yakaachana.

Nimelitumia neno mfarishi kwa makusudi. Limo katika kamusi zetu, ila wengi wetu tuliolelewa bara tunalipita bila kulisalimu, tukasema blanketi au duveti na maisha yakaendelea. Mimi nami nililijua kwa macho tu, hadi mwaka 2018 nilipokwenda Marekani kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja, na likizo zangu nikawa nazitumia kwa shangazi yangu katika jimbo la Minnesota. Wakenya ni wengi jimboni humo. Wengi hufanya kazi za uuguzi na kuwatunza wazee, na shangazi alikuwa mmoja wao kwa miaka mingi, lakini jioni na mwishoni mwa juma aliwashonea watu mifarishi kwa malipo. Wateja walimletea vipande vilivyokwisha kuungwa, naye akavifunga kwa pamba na kitambaa cha chini kwa kutumia mtambo huo wa shingo ndefu.

Mtambo ulikuwa umewekwa katika gereji ya nyumba yake. Gari lilikuwa limehamishiwa nje, zulia likatandikwa juu ya saruji, kuta zikapigwa rangi nyeupe, na meza ya chuma yenye urefu wa mita 3.6 ikasimamishwa kuanzia ukuta wa nyuma kuelekea ulipo mlango mkubwa wa gari. Juu ya meza hiyo zilipita reli mbili. Juu ya reli kilipita kigari cha chuma chenye magurudumu, kikienda kushoto na kulia. Mgongoni mwa kigari palikuwa na reli nyingine fupi, na juu ya hizo ndipo kilipopita kichwa cha mtambo, mbele na nyuma. Mwendo wowote wa sindano, hata uwe wa kuchora ua la namna gani, ulikuwa ni zao la miendo hiyo miwili. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwani ndilo lililotuokoa baadaye.

Nyanya yetu, mama yake shangazi, alifariki mwaka 2016 huko Voi. Aliacha sanduku la leso. Nyingine zilikuwa bado mpya, zikiwa jozi ambayo haijakatwa, na nyingine zilikuwa zimefuliwa hadi rangi ikakimbia na pindo likachanika. Baada ya arobaini, wanawake wa ukoo waligawana zilizo mpya. Zilizochakaa hazikuwa na mwenyewe. Shangazi ndiye aliyeziomba, akazikunja sandukuni na kuvuka nazo bahari. Alikata vipande kutoka leso 12, akahakikisha kwamba kila kipande kimebakiwa na jina lake, yaani yale maandishi ya chini ambayo kwayo leso husema, kisha akaviunga pamoja kuwa uso mmoja wa mfarishi. Miongoni mwa hizo ilikuwamo leso ya rangi ya zambarau niliyoambiwa kwamba ndiyo iliyokuwa mbeleko yangu. Nilikuwa nimepanga kurudi nyumbani mwezi Mei, na mfarishi huo ulikuwa uende nami kwa babu, aliyekuwa bado hai, akiulizia kila wiki kwa simu.

Mtu asiyeshona anaweza kudhani kwamba mshono ukienda kombo hufumuliwa tu ukarudiwa. Kwa kitambaa kipya ni kweli. Pamba iliyofuliwa kwa miaka 30 haisameheki namna hiyo. Nyuzi zake zimekonda, na tundu la sindano likishatoboka halirudi kujifunga. Ukifumua mstari mmoja, unabaki na msururu wa vitundu kama kingo ya stempu, na ukipitisha sindano papo hapo mara ya pili, kitambaa kinakatika. Leso za nyanya zilikuwa na nafasi moja tu ya kushonwa.

Hilo la kuwakumbuka wafu kwa nguo si geni huko Marekani. Tarehe 11 Oktoba 1987, katika uwanja mkubwa wa jiji la Washington, ulitandazwa mfarishi wa kuwakumbuka waliofariki kwa UKIMWI. Ulikuwa na vipande 1,920, kila kimoja kikiwa na upana wa futi tatu na urefu wa futi sita, kipimo ambacho takriban ni cha kaburi. Shangazi alinieleza habari hiyo kwa sauti ya chini kabisa akiwa anapiga pasi leso ya zambarau. Yeye aliwahi kuwauguza wagonjwa wa aina hiyo.

Alianza kuushona mfarishi mwezi Machi, theluji ikiwa inayeyuka. Mistari mitatu ya kwanza ndiyo iliyofichua kwamba kuna jambo. Alikuwa akichora miduara iliyoshikana mikono, kila mmoja mkubwa kama kisahani cha kikombe, lakini miduara ikatoka kama mayai, yote ikiwa imenyooka kuelekea upande mmoja. Zaidi ya hayo, hapa na pale mstari uliruka kidogo, mfano wa mtu anayejikwaa kisha akaendelea na safari. Shangazi aliizima mashine, akavua miwani, akaketi. Kwa muda hakusema kitu. Kisha akaniambia, “Mwanangu, huu si mkono wangu.”

Alimpigia simu fundi wa kampuni iliyomuuzia mtambo. Fundi alimshauri abadili sindano, abadili uzi, alegeze mkazo wa uzi wa chini na apunguze kasi. Yote manne yalifanywa kwa pamoja, kwenye kitambaa kingine cha majaribio, na mayai yakaendelea kutagwa. Wala sishangai. Hata kama mojawapo ya yale manne lingesaidia, nani angejua ni lipi? Aidha, ushauri wote ulihusu uzi na sindano, ilhali jicho la mtu yeyote lingeona kwamba mishono yenyewe ilikuwa ya urefu ule ule, mizuri, imekaza sawasawa juu na chini. Kilichopotoka ni njia ambayo mishono hiyo ilipitia.

Hapa, wapenzi wa isimu, niliyakumbuka masomo ya mwaka wa kwanza. Tunapotaka kuthibitisha kwamba /p/ na /b/ ni fonimu mbili tofauti katika Kiswahili, hatuchukui maneno mawili ya kuokota popote tukayalinganisha. Tunatafuta jozi mlinganuo finyu, mathalani *pata* na *bata*, ambamo kila kitu kimefanana isipokuwa sauti moja. Maana ikibadilika, tunajua ni nani aliyeibadilisha. Nilimweleza shangazi hivyo, naye akacheka, akisema kwamba hakujua shule ilikuwa ikitufundisha ufundi wa cherehani. Lakini alikubali tuifanye meza yake kuwa darasa la fonolojia: tuondoe kitu kimoja, tutazame, tukirudishe, kisha tuondoe kingine.

Tulianza na kitambaa. Nguo ikivutwa ikakaza kama ngozi ya ngoma, sindano huburutwa nayo, ikapinda kidogo kila inapoingia, na mwendo ukawa wa kushtukashtuka. Inatakiwa ilegee kiasi kwamba ukiisukuma kwa kidole kutoka chini inainuka na kukizunguka kidole hicho. Tulilegeza. Hakukuwa na tofauti. Tukaitoa nguo yote, sindano ikainuliwa juu, umeme ukazimwa, na waya wa umeme ukafungwa kando usije ukawa ndio unaovuta. Sasa palibaki chuma juu ya chuma. Shangazi alishika vipini, akafumba macho, akakisukuma kichwa polepole kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho. Alipofika mwisho alisema, “Kuna mlima.” Akarudi nacho. “Na huku ni mteremko. Na kuna jiwe njiani.”

Maneno yake matatu, mlima, mteremko na jiwe, yalikuwa na manufaa kuliko simu yote ya fundi.

Tulianza na jiwe, kwa kuwa lilionekana kuwa jepesi. Swali lilikuwa: jiwe liko njiani au liko kwenye gurudumu? Tofauti yake hubainika kwa kipimo. Kikwazo kikiwa kwenye reli, mathalani pale vipande viwili vya reli vinapoungana, mtikisiko hutokea mahali pale pale pa meza kila unapopita. Kikiwa kwenye gurudumu, hutokea kila gurudumu linapomaliza mzunguko, popote litakapokuwa, na umbali baina ya mtikisiko mmoja na mwingine huwa sawa na mzingo wa gurudumu. Nilibandika utepe wa karatasi kando ya reli, shangazi akasukuma, nami nikatia alama ya kalamu kila alipotamka “hapo”. Alama zilipangika kwa nafasi zilizolingana, sentimita 16 hivi, na tulipoanzia mahali pengine alama nazo zilihama. Magurudumu ya kigari yalikuwa na kipenyo cha sentimita tano. Zidisha kwa 3.14 upate jibu. Reli ilikuwa haina hatia.

Tulikiondoa kichwa kwenye kigari, kazi ya watu wawili kwani kina uzito unaozidi kilo 20, tukakilaza mezani juu ya blanketi. Kigari tukakipindua chali, tukayazungusha magurudumu kwa kidole, moja baada ya jingine. Matatu yalizunguka kama pia. La nne lilisita. Nikichungulia kwa tochi, niliona kwamba baina ya gurudumu na beringi yake palikuwa na uzi uliojisokota hadi ukawa mgumu kama gamba. Shangazi alichukua ncha ya sindano na mkasi mdogo wa kukatia vitundu vya vifungo, akaanza kuuchomoa. Kwanza ulitoka wa rangi ya kijani. “Huu ni wa yule mama wa Duluth,” alisema. Kisha mwekundu, wa mfarishi wa Krismasi. Kisha mweupe. Mwisho kabisa, karibu na beringi, mlikuwa na uzi wa buluu ambao hakuweza kuukumbuka. Historia ya karakana yake ilikuwa imejizungusha pale, na kila mteja alikuwa ameacha kipande chake.

Jiwe likatoka. Mlima ukabaki.

Kuhusu mlima, jaribio ni rahisi na halihitaji kifaa. Unakiacha kichwa huru katikati ya meza, huku umeme umezimwa, kisha unatazama kitakwenda wapi. Kikielekea upande mmoja, meza imeinama upande huo. Kikikimbilia katikati kutoka pande zote mbili, meza imebonyea tumboni. Kikitambaa mbele au nyuma, tatizo liko kwenye upana. Chetu kilikaa kimya kana kwamba kinafikiri, kisha kikaanza kwenda polepole, kwa adabu, kuelekea mlango wa gereji.

Baba yangu mdogo ni mwashi, na katika likizo za shule ya upili nilimshikia pima maji mara nyingi kuliko nilivyopenda. Nililinunua moja katika duka la vifaa vya ujenzi, refu la mita moja na robo, tukaliweka juu ya reli. Povu lilikimbilia upande wa ukuta wa nyuma, yaani upande huo ulikuwa juu. Tulipopima kwa kuweka vipande vya kadibodi chini ya ncha moja hadi povu likatulia katikati, na kufanya hivyo meza nzima, tofauti ya ncha hizi mbili ilifika milimita 12.

Milimita 12 katika mita 3.6 ni kitu gani? Jicho halioni. Lakini mkono unaona. Kila mshonaji alipokisukuma kichwa kuelekea ukutani alikuwa akikipandisha, na alipokirudisha alikuwa akikizuia. Duara lililochorwa kwa nguvu zilizo sawa lilikuwa lazima liwe yai.

Lililonitatiza ni kwamba shangazi alikuwa na hakika meza ilipimwa ilipowekwa miaka miwili kabla ya hapo. Alikuwa sahihi, na jibu lilikuwa chini ya miguu yetu. Katika nchi za theluji, sakafu ya gereji humwagwa kwa mteremko mdogo kuelekea mlangoni, ili maji ya theluji inayoyeyuka kwenye gari yatiririke nje badala ya kutuama. Waliofunga meza walikuwa wameufidia mteremko huo kwa kuirefusha miguu ya upande wa mlango kwa parafujo zake, na chini ya miguu hiyo wakaweka vibao laini ili isitoboe zulia. Theluji ilipoyeyuka, maji yalikuwa yakipenya chini ya mlango, zulia likalowa, vibao vikanyonya unyevu, vikalainika na kubonyea. Upande wa ukutani ulikuwa mkavu, nao haukubonyea. Meza ilikuwa ikizama upande mmoja taratibu, majira mawili ya baridi mfululizo, na hakuna aliyeisikia isipokuwa bega la kulia la shangazi, ambalo lilikuwa likimuuma tangu mwaka uliopita naye akisingizia uzee.

Tulikata zulia chini ya kila mguu hadi tukaifikia saruji. Badala ya vibao tukaweka vipande vya chuma bapa. Miguu ya katikati tuliipandisha ikaning'inia isiguse chini, kwanza tukalinganisha pembe nne, tukipima kwa urefu juu ya kila reli, kisha kwa upana katika ncha zote mbili na katikati. Kupima urefu pekee hakutoshi, kwa maana meza inaweza kuwa sawa kwa urefu na bado ikawa imejinyonga kama nguo inayokamuliwa, gurudumu moja likawa linaelea. Pembe zilipokubaliana, tukaishusha miguu ya katikati hadi ikagusa sakafu tu, bila kuinua. Kisha kichwa kikarudishwa na vipimo vikarudiwa, kwa sababu uzito wake nao una neno lake. Ilitupeleka hadi saa nne usiku. Tulipokiacha kichwa huru, kilikaa pale tulipokiacha.

Nikiri kwamba jioni hiyo nilishughulishwa na lugha kuliko chuma. Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza, lakini katika saa zote hizo hatukukihitaji Kiingereza tulipozungumza. Reli, kigari, kichwa, gurudumu, beringi, parafujo, pima maji, kubonyea, kujinyonga: mengi kati ya maneno haya ni ya mafundi, na hakuna kikao cha istilahi kilichowaundia. Husikika mara kwa mara kwamba Kiswahili hakijakomaa kuzungumzia mitambo. Wanaosema hivyo, kwa maoni yangu, hawajawahi kushinda gereji ya Kariokor au mjengo wa Voi. Neno moja tu lilitushinda, la kile kifaa kinachogusa reli na kuiambia mashine imetembea umbali gani ili mishono ilingane. Mimi nilisema kihisi. Shangazi alikataa, akisema kile hakihisi, kinahesabu. Akakiita karani. Sijapata hoja ya kumpinga.

Siku iliyofuata alirudi kazini akitarajia miduara. Ikatoka mayai tena, ila safari hii yameelekea upande wa pili! Alishtuka, kisha akaelewa kabla yangu. Kwa miaka miwili mkono wake ulikuwa umejifunza kushindana na mlima, ukisukuma kwa nguvu upande huu na kuzuia upande ule, na sasa mlima haupo lakini mkono haujaambiwa. Siku mbili nzima alichora miduara juu ya shuka kuukuu, bila kugusa leso, mpaka mkono ukasahau. Nilimwona akisimama mara kwa mara na kulizungusha bega, akiwa na uso wa mtu anayetafuta maumivu aliyoyazoea asiyapate.

Mfarishi ulikamilika wiki ya mwisho ya Aprili. Alipitia majina ya leso kwa umakini wa pekee, akiizungusha miduara pembeni mwa maandishi ili sindano isikate herufi hata moja. Leso ya zambarau ndiyo aliyoimaliza mwisho.

Ile mistari mitatu ya kwanza hatukuifumua. Iko katika pembe moja, mayai tisa hivi na mahali pawili mstari ulipojikwaa. Babu, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliupokea mfarishi kwa viganja, akaupapasa pindo kwa pindo, akitaja leso moja moja kwa kubahatisha unene wake, na mara nyingi akipatia. Alipofika pembe ile alisimamisha vidole, akarudi nyuma kidogo, akapita tena. Akauliza huku kumeshonwa na nani.

“Ni yeye yule, babu,” nikamjibu. “Ila meza ilikuwa imeinama.”

Akauvuta upande huo hadi mabegani.